Mtani Naye Awemo Pichani

Mhariri,

Wiki hii mmetuuliza: "Je, kuna mambo ambayo msanii hapaswi kuyafanyia mzaha? Tupe mfano wa kazi unayoweza kuitetea au kuipinga." Jibu langu fupi ni kwamba hakuna. Vita, njaa, mateso, mauaji ya dola, yote yamewahi kuchekewa na wasanii wa maana. Ninachokikataa mimi ni mzaha wa mtu aliyesimama pembeni, mikono kaifunga nyuma, anatuonyesha wajinga na wauaji kana kwamba yeye hatoki miongoni mwao. Mchoraji akitaka niucheke uovu, kwanza nimwone yeye mwenyewe yuko wapi kwenye picha.

Tuliokulia kwenye utani tunalijua hili bila kufundishwa. Mtani hufika msibani akamwigiza marehemu alivyokuwa akitembea, akadai deni la uongo mbele ya jeneza, na wafiwa wakacheka machozi yakiwa bado mashavuni. Ruhusa yake haitokani na kipaji cha kuchekesha. Inatokana na kwamba kesho msiba ukihamia kwake, wale wale watakuja kumfanyia yeye. Mtu baki akijaribu hayo hayo, hayo ni matusi na atafukuzwa.

Mfano wangu ni picha za chapa za William Kentridge, aliyezaliwa Johannesburg mwaka 1955. Wengi wanamjua kwa filamu zake za makaa, zile anazochora, anafuta, anachora tena juu ya alama za alichokifuta. Mimi nazipenda zaidi chapa zake, na nadhani ndiko tashtiti yake, kejeli ya kuwaumbua wakubwa, ilikoanzia. Alisoma siasa na masomo ya Afrika pale Chuo Kikuu cha Witwatersrand, na katika miaka ya 1970 akawa anafundisha uchapaji wa picha katika Johannesburg Art Foundation. Wazazi wake wote wawili walikuwa mawakili. Baba yake, Sydney Kentridge, ndiye aliyeiwakilisha familia ya Steve Biko, mwanaharakati aliyefia mikononi mwa polisi, kwenye uchunguzi wa kifo chake mwaka 1977. Kwa hiyo huyu ni mtoto aliyekulia katika nyumba ambamo ukatili wa serikali ulikuwa jalada la kazi, wenye tarehe na majina ya maofisa.

Nianze na ile iliyonifanya nimfuatilie. Katikati ya miaka ya 1980 alichapa mfululizo wa picha nane akauita "Industry and Idleness", yaani bidii na uvivu. Jina si lake. Mwaka 1747 Mwingereza William Hogarth alitoa picha kumi na mbili zenye jina hilo, zinazowafuata vijana wawili wanaojifunza ufumaji kwa tajiri mmoja. Mmoja ana bidii: anakwenda kanisani, anamuoa binti wa tajiri, anaishia kuwa Meya Mkuu wa London. Mwenzake anasinzia kwenye mtambo wa kufumia, anacheza kamari juu ya kaburi, anaishia kunyongwa Tyburn, uwanja wa kunyongea wahalifu London. Hogarth alikusudia ziwe mafunzo kwa vijana, akaziuza kwa bei ya chini ili matajiri wawanunulie vijana wao. Ni picha nzuri mno, na hapohapo ni uongo mtupu, kwa kuwa zinadai kwamba dunia hulipa haki kwa kila mtu.

Kentridge aliichukua hadithi hiyo akaipeleka Johannesburg ya ubaguzi wa rangi, akaigeuza nyuma mbele. Mwenye bidii ndiye anayedidimia, na asiyejishughulisha ndiye anayestawi. Picha moja inaitwa "Double Shift on Weekends Too": zamu mbili, na wikiendi pia. Nyingine imebaki na cheo cha umeya, ila umeya wenyewe sasa ni wa Derby Road, barabara ya Johannesburg. Ukiziona peke yake unaweza kutabasamu kidogo tu. Ukiziweka karibu na za Hogarth unaona ukubwa wa kejeli yake, kwa sababu hakulazimika kutia chumvi hata chembe. Pale ambapo sheria ilikuwa inasema nani aishi wapi, nani afanye kazi gani na nani atembee na kitambulisho mfukoni, hadithi ya Hogarth ikihamishwa kama ilivyo ndiyo ingekuwa kichekesho. Kentridge aliisimulia kwa namna ambayo ingeweza kuaminika mjini mwake.

Hapa niseme kidogo kuhusu kazi ya mikono yenyewe, maana si kila msomaji amewahi kuiona. Chapa ya tindikali huanza na sahani ya shaba au zinki iliyopakwa nta. Msanii anachora kwa sindano, nta inatoka, chuma kinabaki wazi. Sahani ikizamishwa kwenye tindikali, tindikali inakula pale palipo wazi tu. Kisha nta inaondolewa, wino unapakwa, uso wa sahani unafutwa hadi wino ubaki kwenye mifereji peke yake, karatasi iliyoloweshwa inalazwa juu, na vyote vinapitishwa kwenye mashine ya kukandamiza. Kuna njia nyingine isiyotumia tindikali kabisa: unaukwaruza mchoro moja kwa moja kwenye shaba kwa sindano ngumu. Shaba inayoinuka kando ya mkwaruzo hushika wino, na mstari unatoka mnene wenye manyoya, kama kidonda kisichofunga vizuri. Manyoya hayo hulalia kila sahani inapokandamizwa, ndiyo maana nakala za kwanza huwa bora na za mwisho hufifia.

Na kila kitu hutoka kinyume. Kushoto kunakuwa kulia. Anayetaka maneno yasomeke hulazimika kuyaandika kinyumenyume kwenye chuma, herufi moja moja. Nawaza sana jambo hili ninapoitazama "Casspirs Full of Love" ya mwaka 1989. Ni picha ya mkwaruzo, ndefu na nyembamba, inaonyesha kitu kama sanduku au rafu lenye vichwa vya watu vilivyokatwa, vimepangwa kama mizigo. Maneno ya jina hilo yamekwaruzwa humo humo kwenye picha. Casspir lilikuwa gari la deraya la polisi, lile lililoingia kwenye vitongoji vya watu weusi katika miaka ya hali ya hatari. Sasa "Casspir zilizojaa upendo" ni maneno ya nani? Si ya mchoraji. Yalitoka kwenye kipindi cha salamu redioni: mama mmoja akimtumia mwanawe aliyeko jeshini upendo wa kujaza magari hayo.

Mama yule alikuwa anampenda mwanawe, sina shaka. Hapo ndipo kicheko kinapomkwama mtu kooni. Kentridge hakutunga mzaha. Aliusikia redioni kama walivyousikia wasikilizaji wengine wa kizungu wa nchi ile, na wengi wao, nadhani, hawakusikia chochote cha ajabu. Alichokifanya ni kutuonyesha shehena ya gari. Mchoraji vibonzo wa kawaida angemchora polisi mwenye meno ya fisi na tungemchukia polisi yule kisha tukalala usingizi. Hapa hakuna polisi. Kuna salamu za upendo, na waliozisikiliza, na mchoraji aliyekuwa mmoja wao.

Lakini kazi ninayoitetea hasa ni "Ubu Tells the Truth", picha nane alizozichapa mwaka 1996 na 1997. Msomaji anahitaji habari mbili. Ya kwanza: Ubu ni mhusika wa mwandishi Mfaransa Alfred Jarry, mfalme mnene, mlafi, mwoga na muuaji, aliyepandishwa jukwaani Paris mwaka 1896 na kuzua rabsha. Jarry alimchora mwenyewe akiwa na kichwa kilichochongoka na tumbo lenye mstari unaozunguka kama konokono. Ya pili: mwezi Aprili 1996 Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Afrika Kusini, chini ya Askofu Mkuu Desmond Tutu, ilianza kusikiliza ushahidi hadharani. Aliyeua au kutesa kwa sababu za kisiasa angeweza kusamehewa endapo angesema yote aliyoyafanya.

Tazama mtego uliomo humo. Kadiri muuaji anavyofichua mengi ya kutisha, ndivyo anavyokaribia kutoka huru. Nauelewa uamuzi huo, na huenda uliiokoa nchi na umwagaji damu mwingine. Lakini hakuna mwandishi wa tashtiti ambaye angethubutu kutunga sheria kama hiyo bila kuambiwa amezidisha. Ubu, aliyezoea kudanganya ili apone, sasa anaambiwa aseme kweli ili apone. Kwa Ubu zote mbili ni sawa.

Katika picha hizo nane kuna miili miwili inayokaa mahali pamoja. Mmoja ni Ubu wa Jarry, kichwa kilichochongoka na tumbo la konokono, kwa mistari myeupe kama ya chaki ubaoni. Wa pili, ndani yake au nyuma yake, ni mwanamume wa kweli, uchi, mwenye nyama na kivuli. Mistari inacheka, mwili haucheki. Wakati mwingine unaona kibonzo kinamwendesha mtu, wakati mwingine mtu ndiye amekivaa kibonzo kama koti ili asitambulike. Na mwanamume huyo uchi ni Kentridge. Alijivua nguo, akajipiga picha mbele ya ubao aliochora Ubu kwa chaki, na miili hiyo ndiyo iliyoingia kwenye chapa.

Angeweza kutumia uso wa ofisa yeyote wa usalama. Magazeti ya miezi ile yalikuwa yamejaa nyuso zao. Angepata kicheko cha haraka, na watu wa upande wake wangempigia makofi. Akachagua mwili wake mwenyewe, mwili wa mzungu wa Johannesburg ambaye hakumuua mtu, aliyetoka katika familia iliyowatetea wahanga mahakamani, na hata hivyo aliishi vizuri ndani ya mpangilio uleule. Simsomi kama mtu anayetubu. Sioni toba humo. Namsoma kama mtani anayekubali zamu yake.

Mwaka 1997 picha hizo zilipata ndugu yake jukwaani, mchezo "Ubu and the Truth Commission" ulioandikwa na Jane Taylor, Kentridge akiuongoza pamoja na kundi la vikaragosi la Handspring. Ubu ni ofisa anayerudi nyumbani usiku na kuoga mno, mkewe anadhani ana mwanamke nje. Kuna mamba anayekula nyaraka za ushahidi. Watu wanacheka sana. Kisha wanaingia mashahidi, vikaragosi vya mbao, wanasema kwa lugha zao maneno yaliyotolewa mbele ya Tume yenyewe, na mkalimani anatafsiri. Kibanda cha vioo cha mkalimani ndicho bafu la Ubu. Jambo ninaloliheshimu ni kwamba mashahidi hawafanyiwi mzaha hata mmoja. Wauaji wanachekwa, mke anachekwa, mbwa wa Ubu anachekwa, mtazamaji anachekwa. Shahidi anasikilizwa. Sijui kama hiyo ndiyo mipaka mliyoitaka mliposema "hapaswi", lakini ukiniuliza mchoraji aishike kanuni gani, nitakuonyesha mchezo huo.

Najua kuna wasomaji watakaoandika kwamba kicheko chochote kinapunguza uzito wa msiba. Wanasahau kwamba wenye nguvu wao walishaanza kucheka zamani. Kentridge alilifikia jambo hilo alipokuwa akitayarisha opera ya "Pua", inayotokana na hadithi ya Mrusi Gogol ya mwaka 1836: pua inamtoroka mwenyewe, inavaa sare, na inakuwa na cheo kikubwa kuliko uso ilikotoka. Alichapa picha ndogo 30 za pua hiyo ikijitembeza, ikipanda farasi kama jemadari. Ni kazi ya kuchekesha kuliko zote alizochapa. Lakini kwenye utafiti wake huo huo alitumia kumbukumbu za kikao cha Kamati Kuu ya chama cha Kikomunisti cha Umoja wa Kisovieti cha mwaka 1937, Nikolai Bukharin, mmoja wa viongozi wa zamani wa chama hicho, akitetea maisha yake mbele ya wenzake. Mwandishi wa kumbukumbu ameandika, katikati ya utetezi, kwamba ukumbi ulicheka. Mwaka uliofuata Bukharin alipigwa risasi. Kicheko cha ukumbi ule kilikuwa cha watu waliojiona wako salama nje ya kichekesho, na wengi wao hawakuwa salama.

Sasa upande wa pili, maana sitaki kumfanya huyu bwana kuwa mtakatifu. Tarehe 14 Juni 1985 wanajeshi wa Afrika Kusini walivuka mpaka wakavamia Gaborone, Botswana, na kuua watu 12. Mmoja wao alikuwa Thami Mnyele, mchoraji wa kundi la Medu, lililokuwa likichapa mabango ya ukombozi. Mabango ya Medu ninayoyafahamu kwa sehemu kubwa hayachekeshi. Yanaamrisha, yanaita, yanaomboleza. Baada ya muda mfupi tu, mchoraji mzungu Johannesburg alikuwa na nafasi ya kukaa chini na kumgeuza Hogarth nyuma mbele. Nafasi hiyo ya kufanya kejeli, yenye mafumbo ya karne ya 18, nayo iligawiwa kwa rangi kama ilivyogawiwa ardhi. Sioni jinsi ya kulikwepa hilo, na kujiweka kwenye picha hakulifuti.

Wala kujiweka kwenye picha hakutoshi. Anton Kannemeyer, mmoja wa waanzilishi wawili wa jarida la Bitterkomix lililoanza mwaka 1992, anajichora kila mara: mzungu mwenye upara, mwoga, mnafiki, aliyevikwa sura ya Tintin, yule kijana wa vibonzo vya Kibelgiji, akiwa amezeeka. Shabaha yake ni hofu za wazungu, na anazipiga barabara. Lakini watu weusi kwenye picha hizo amewaacha na midomo na macho yale yale ya vibonzo vya kikoloni. Anasema, kwa mchoro, kwamba hivyo ndivyo mzungu mwoga anavyowaona, na hoja hiyo naielewa. Hata hivyo nikiangalia ukuta mzima wa kazi zake naona mtu mmoja tu mwenye uso wake, hata kama ni uso wa kudhihakiwa, na umati usio na uso wa kumjibu. Ule ni utani wa upande mmoja. Nimejaribu kuupenda, nimeshindwa.

Diane Victor, mchapaji mwingine wa Afrika Kusini, naye nimtaje, ingawa kwake kicheko karibu kimekwisha. Mfululizo wake "Disasters of Peace", alioanza kuuchapa mwaka 2001, umechukua jina kwa Mhispania Francisco Goya, aliyechapa picha za majanga ya vita, na kuligeuza kuwa majanga ya amani: maovu ambayo magazeti ya Afrika Kusini yalikuwa yakiyaripoti kila siku hadi wasomaji wakaacha kushtuka. Jina ndilo kejeli. Picha zenyewe ni ngumu kuzitazama hadi mwisho.

Na kwa kuwa Goya ameingia: mwaka 1799 alitoa "Los Caprichos", picha 80 za kuwadhihaki makasisi, mabwana, wapiga ramli na wasomi, miongoni mwao punda aliyekaa kitini akionyesha kwa fahari kitabu cha ukoo wake, ukurasa mzima punda. Aliziuza kwenye duka la manukato na vileo huko Madrid, zikanunuliwa chache sana, na mwaka 1803 akamkabidhi mfalme sahani zote. Picha ya kwanza kwenye mkusanyiko huo, kabla ya wapumbavu wote, ni yeye Goya, amevaa kofia ndefu, anatukata jicho la pembeni.

Kasoro moja inaniudhi kuhusu sanaa hii yote. Uchapaji ulibuniwa ili nakala ziwe nyingi na ziende mbali. Siku hizi nakala huwekewa ukomo, 30 au 50, kila moja na namba na sahihi ya penseli, na bei ambayo mfanyakazi wa zamu mbili hawezi hata kuiulizia. Katika filamu zake Kentridge ana mhusika anayeitwa Soho Eckstein, tajiri wa migodi mwenye suti ya mistari na sigara kubwa, na kadiri miaka ilivyokwenda uso wa tajiri huyo ulizidi kufanana na wa mchoraji mwenyewe, kama unavyotarajia kwa mtu huyu. Soho ndiye mnunuzi wa leo wa "Industry and Idleness". Angeitundika kwenye chumba cha mikutano na wageni wake wangeisifu.

Kwa hiyo, mhariri, nina ombi. Mkiichapa barua hii, msiipambe kwa picha yangu. Chapeni picha ya mwisho ya Hogarth, ile ya msafara wa Meya Mkuu wa London, ambayo haina mwenyewe wa kuidai tena, na kando yake ile ya Derby Road kama mtapewa ruhusa. Mkinyimwa, acheni nafasi yake wazi na muandike chini yake nani aliyekataa.